Barua kwa rafiki ambaye binti yake anaingia darasa la mwisho

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema ulifungua vitabu vya binti yako vya mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, ukakutana na asilimia, mishipa ya damu, longitudo na usemi wa taarifa kwa mpigo mmoja, ukavifunga. Unauliza kama kweli haya yote ni ya mtoto wa miaka 12, na wewe utamsaidia vipi ilhali shule uliiacha zamani.

Nimefundisha darasa hilo kwa miaka 11. Nitakujibu kwa niliyoyaona, maana ukisoma mtaala utadhani masomo ni masanduku, kila moja na kufuli lake, na mtoto anayeamini hivyo huchoka kabla mwaka haujafika nusu. Ninachokiona mimi ni kwamba mzigo mpya si mwingi kiasi hicho. Karibu kila somo linamdai mtoto jambo lile lile: alinganishe sehemu na kizima chake, kisha aeleze kwa maneno yake alichokiona. Ndiyo maana ninaanza na sehemu, na nitakaa hapo kidogo.

Mwaka huu binti yako atajumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, atazizidisha, atazigawanya, atazigeuza kuwa desimali na asilimia. Atatakiwa aone kuwa 3/8, 0.375 na asilimia 37.5 ni kitu kimoja kilichobadili nguo. Kwenye kugawanya ndipo wengi wanapokwama, na mimi nilichangia. Kwa miaka kadhaa nilikuwa naandika kanuni ubaoni: geuza sehemu ya pili, kisha zidisha. Watoto walipata vema, nami nikaridhika. Siku moja mvulana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, nusu gawanya kwa robo imekuwaje 2? Kugawanya si kupunguza?" Sikuwa na jibu zaidi ya kumrudia kanuni. Liliniuma jambo lile. Yeye aliuliza swali la maana kuliko yote niliyouliza mimi muhula ule.

Kesho yake nilikuja na vipande vya karatasi vyenye urefu sawa. Nikampa kimoja, akakikunja katikati, akakata, akabaki na nusu. Kingine akakikunja mara mbili, akakata robo moja. Nikamwambia: pima, robo hii inaingia mara ngapi kwenye nusu yako? Akailaza mara ya kwanza, akaweka alama kwa penseli, akailaza mara ya pili, ikaishia ukingoni kabisa. "Mbili," akasema taratibu. Halafu akasema tena kwa sauti: "Kumbe tunauliza inaingia mara ngapi!" Tangu siku hiyo kanuni haipandi ubaoni kabla ya karatasi kukatwa. Hilo hata wewe unaliweza mezani kwako, halihitaji cheti cha ualimu.

Kuna na MAGAZIJUTO, utaisikia sana, ndiyo mpangilio wa kipi kianze kwenye hesabu yenye matendo mengi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni ufunguo mzuri, lakini una mtego. Mpe binti yako 10 − 3 + 2. Akikupa 5, ujue ameanza na kujumlisha kwa sababu JU imetangulia TO. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa cheo kimoja, kama walivyo kugawanya na kuzidisha, hivyo unafuata anayetangulia kutoka kushoto kwenda kulia. Nimeona watoto hodari wakipoteza alama hapo mwaka baada ya mwaka.

Sasa nikupeleke kwenye lugha, ingawa utaona bado tuko kwenye hisabati. Swali hili ninalitoa kila mwaka: Mtungi una maji robo tatu ya ujazo wake. Yakitolewa lita 10, unabaki nusu. Mtungi ukijaa una lita ngapi? Hesabu yenyewe ni nyepesi: kutoka robo tatu hadi nusu imeondoka robo moja, robo hiyo ni lita 10, basi mtungi mzima ni lita 40. Lakini karibu nusu ya darasa huchukua 10 na kuizidisha kwa robo tatu. Ukiwauliza kwa nini, wanakwambia wameona namba mbili, wakazidisha. Hawakulisoma swali, waliokota namba. Mtoto wa namna hiyo ukimwongezea mazoezi ya kuzidisha unamchosha bure. Anachohitaji ni ufahamu.

Na ufahamu wa mwaka huu umepanda ngazi. Zamani jibu lilikuwa limelala ndani ya mstari, unalinakili tu. Sasa jibu limejificha nyuma ya mstari. Niliwahi kuwasomea sentensi hii: "Msichana aliingia, akaukung'uta mwavuli mlangoni, akavua viatu na kuvisimamisha karibu na jiko." Nikauliza nje kulikuwaje. Watoto watatu wakasema haijatajwa. Mmoja akasema mvua inanyesha, kisha akasita, akaongeza: "Au ilikuwa inanyesha muda mfupi uliopita, kwa sababu hatujui kama imekatika." Huyo anasoma! Usomapo naye hadithi, simama katikati umuulize, umejuaje? Swali hilo fupi lina faida kuliko kurasa kumi za maswali ya kuchagua.

Mengine ya lugha yapo: insha zenye mwanzo, kiini na mwisho, ufupisho, nyakati, methali na nahau, kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Hilo la mwisho linawatesa kwa sababu wanabadilisha alama za kunukuu na kuacha "kesho" na "hapa" palepale. Mwambie ajifanye mjumbe anayepeleka maneno ya mtu siku ya pili yake, mahali pengine. "Nitakuja hapa kesho" lazima iwe: alisema kwamba angekwenda pale siku iliyofuata.

Kwenye sayansi kuna saketi za umeme, mwanga, usanisinuru, makundi ya viumbe, kani na msuguano. Yote mazuri. Lakini mimi ninachokipenda kuliko vyote ni mzunguko wa damu, na nitakuomba umfanyie binti yako jaribio ninaloanza nalo. Aketi ametulia. Aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka asikie mapigo. Wewe shika saa, ahesabu kwa sekunde 15. Tuseme amepata 22. Sekunde 15 ni robo ya dakika, kwa hiyo anazidisha kwa 4, anapata mapigo 88 kwa dakika. (Umeiona sehemu ilivyorudi?) Halafu aruke kamba kwa dakika mbili, ahesabu tena, na yeye mwenyewe akueleze kwa nini moyo umeongeza kasi. Misuli imedai oksijeni zaidi, mapafu yanaileta, damu inaibeba. Akiligusa jambo hilo kwa vidole vyake, majina ya mishipa ya damu, ateri, vena na kapilari, hayatamtoka kirahisi.

Ukipata nafasi mwendeleze. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma kama mililita 70 kwa kila pigo. Ukipiga mara 72 kwa dakika, ni mililita 5,040, lita 5 na ushei. Na damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5. Maana yake, kwa dakika moja hivi moyo umesukuma kiasi kinacholingana na damu yote mwilini. Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kilichotumia hoja ya aina hii hii. Madaktari wa zama zake waliamini kwamba ini linatengeneza damu mpya kutokana na chakula, na mwili unaitumia ikaisha. Harvey alizidisha damu ya pigo moja kwa idadi ya mapigo, akaona kuwa ndani ya nusu saa tu moyo unasukuma damu nyingi kuliko iliyomo mwilini. Haiwezekani chakula kitengeneze yote hiyo. Lazima damu ile ile inarudi. Nikiwaeleza watoto kwamba fundisho la karne nyingi liliangushwa na hesabu ya kuzidisha wanayoijua wao, darasa huwa kimya kabisa. Huo ukimya ndio unaonifanya nipende kazi hii.

Jiografia nayo inakula kwenye sahani hiyo hiyo. Dunia inajizungusha digrii 360 kwa saa 24, basi kila saa ni digrii 15. Longitudo, ile mistari ya ramani inayotoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, inaanza kuhesabiwa kwenye 0 inayopita Greenwich, London. Yalikuwa makubaliano ya mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mwaka 1884. Pale ikiwa saa 6 mchana, kwenye longitudo 45 mashariki ni saa 9 alasiri. Mwanga wa tochi na mpira uliochorwa mistari vinatosha kumwonyesha. Vivyo hivyo kipimo cha ramani: 1:50,000 maana yake sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Ni uwiano tu, hakuna uchawi.

Historia wengi huifanya kuwa mashindano ya kukariri tarehe. Mimi huwaambia watoto wawili waliogombania mpira waandike kilichotokea, kila mmoja peke yake, kisha tunasoma mbele ya darasa. Hadithi mbili, mpira mmoja. Baada ya hapo hawahitaji kuambiwa kwa nini mwanahistoria anatafuta shahidi zaidi ya mmoja. Uraia, sanaa, muziki, kompyuta na michezo sitayaeleza kwa urefu, ila nakusihi usiruhusu yasukumwe pembeni kwa kisingizio cha mtihani.

Jambo moja linahitaji sauti yako zaidi ya yangu. Sayansi ya mwaka huu ina mada ya balehe. Wasichana wengi huanza hedhi kati ya miaka 10 na 15, kwa hiyo darasani kuna walioanza na wasioanza, na wote wana maswali wasiyothubutu kuyatoa mbele ya wavulana. Kitabu kitamwambia kinachotokea. Wewe mwambie kwamba si ugonjwa wala aibu, na umwambie kabla, asije akashtuka akiwa peke yake shuleni. Nimemshika mkono zaidi ya mtoto mmoja aliyekuwa analia akidhani ameumia, na sipendi binti yako awe mmoja wao.

Kuhusu mtihani wenyewe: maswali ya miaka iliyopita afanye, lakini baada ya kuielewa mada, na kila alipokosa aeleze kosa lake kwa mdomo kabla hajaangalia jibu. Usimkeshe. Mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na anayesinzia asubuhi hata karatasi zangu hazimsaidii.

Basi jioni moja wiki hii, kabla ya kufungua kitabu chochote, fanyeni lile jaribio la mapigo. Apime na ya kwako. Mwambie aniandikie mwenyewe, kwa mwandiko wake, mapigo yenu wote wawili kabla na baada ya kuruka kamba, na aniambie moyo wake umechukua dakika ngapi kurudi ulipokuwa. Nitayabandika matokeo yake ukutani karibu na ya wanafunzi wangu, na nitamjibu yeye moja kwa moja.

Nisalimie wote hapo. Nasubiri.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote