Boksi la gitaa linalogeuka kombo: pima ampu kwanza, spika ifuate

Ombi tunalolipata sana karakana kwetu Mbeya ni la boksi dogo la spika moja ya inchi 12. Leo mpigaji aliweke chini ya kichwa cha ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa kisicho na spika ndani, kesho akitaka aihamishie ampu humo humo liwe kombo, ampu na spika zikiwa mzigo mmoja wenye mpini mmoja. Kwa anayepanda basi na vyombo vyake kwenda kupiga Tukuyu, Makambako au Mafinga, wazo hili ni zuri sana. Linaharibika pale boksi linapochaguliwa kwa kuangalia spika peke yake. Boksi la kawaida halina nafasi ya ampu, na ukilikata baadaye ili kuipata unalilegeza.

Kwa hiyo pima ampu kwanza. Usipime kasha la mbao la nje, pima chasisi, yaani bati lililobeba transfoma, vitufe vya kurekebishia sauti na valvu (taa za kioo zinazokuza sauti). Tunahitaji urefu, kina na kimo chake, pamoja na kile kinachojitokeza zaidi. Valvu ya EL34 ina kimo cha karibu sentimita 11, EL84 haifiki 8, na tofauti hiyo pekee inaweza kuamua kama ampu itaingia. Spika nazo zina vipimo vyake: nyingi za inchi 12 za Celestion zina upana wa milimita 309 ukingo kwa ukingo, tundu la milimita 283, na zile za sumaku nzito zinaingia ndani kama milimita 135. Ukijumlisha hayo, boksi la spika tupu linatosheka na kimo cha sentimita 42, lakini la kugeuka kombo linataka 50 hadi 55, na kina kisipungue 27. Anayekuuzia la 42 akisema "ampu itabanana tu" hajapima.

Ndani ya kombo, chasisi hufungwa juu na valvu huning'inia kichwa chini. Hapo mambo matatu hubadilika. La kwanza ni joto: hewa ya moto inapanda kuelekea chasisi yenyewe, kwa hiyo sehemu ya juu ya mgongo tunaiziba kwa wavu wa chuma, si kwa ubao. La pili ni kuchomoka. Valvu za nguvu zilizokuwa zimesimama wima sasa zinavutwa chini, na barabara ya vumbi itamalizia kazi hiyo isipokuwepo springi au kibanio kwenye kila soketi. La tatu ni mtikisiko wa spika, ambao huzifanya valvu ndogo za mwanzo, kama 12AX7, zilie zenyewe. Kuzijua ni rahisi: washa ampu, fungua sauti kidogo, zigonge taratibu moja moja kwa penseli ya mbao. Itakayotoa mlio mkali kwenye spika ndiyo ya kubadilisha.

Jambo la nne husahaulika hata na mafundi wazuri. Vichwa vingi vya ampu vimepigiliwa karatasi ya alumini au wavu wa chuma ndani ya kasha, pale ambapo upande wa chasisi ulio wazi unagusana na mbao. Karatasi ile ndiyo kifuniko cha kuzuia mawimbi ya nje. Ukihamisha chasisi na kuiacha karatasi kwenye kasha la zamani, kombo yako itavuma na wakati mwingine itakuletea redio. Kwenye mbao za boksi letu tunaweka mpya kila mara, ikigusa chasisi vizuri.

Kuhamisha chasisi ya valvu usijaribu nyumbani kama hujawahi. Kapasita zake, vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa, na umeme huo unaua. Chasisi ya transista, isiyotumia valvu, ina hatari ndogo zaidi, ila nayo ifunguliwe na fundi.

Sasa spika. Angalia omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kabla ya wati. Ampu ya valvu inataka omu zile zile zilizoandikwa kwenye tundu lake la kutokea, na isiwashwe kamwe bila spika, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Ya transista hukubali omu zilizoandikwa au zaidi. Ukiipa 16 badala ya 8, nguvu inashuka kama nusu, lakini haiharibiki. Ukiipa 4 wakati kiwango chake cha chini ni 8, inachemka. Kwa wati, spika iwe na mara mbili ya ampu, kwa sababu ampu ya wati 15 ikifunguliwa hadi sauti ikwaruze hutoa zaidi ya hizo 15.

Desibeli nazo, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa nguvu ile ile, zina uzito wake. Spika inayozidi nyingine kwa desibeli 3 inaleta faida sawa na kuongeza nguvu ya ampu mara mbili. Kwa kanisa la watu mia mbili, mara nyingi ni nafuu kununua spika nyeti kuliko ampu kubwa.

Tafadhali usituletee wufa ya gari, yaani spika yake ya besi. Spika ya gitaa inafanya kazi kati ya kama hezi 70 na 5,000, na karatasi yake ngumu ndiyo inayoipa gitaa ukali wake. Wufa itakupa mvumo tu. Kwa sababu hiyo hiyo kinanda na gitaa la besi visichomekwe kwenye kombo hii, hata kama kwaya haina chombo kingine siku hiyo.

Mbao tunazopendekeza ni plaiwudi ya milimita 18. Msonobari wa Sao Hill ni mwepesi na unalia vizuri, mradi umekauka kabisa. Ukiwa mbichi utajikunja na viungo vitaachia. Chipubodi ikipata mvua ya Rungwe huvimba na skrubu hazishiki tena. Mgongo tunautengeneza kwa vipande vitatu. Cha kati kikifungwa, besi inabana na sauti inaelekea mbele. Kikitolewa, sauti inasambaa na ampu inapumua. Ikiwa kombo ya valvu, kitolewe.

Mpini hatuuweki katikati. Transfoma hukaa upande mmoja, na kombo yenye kilo zaidi ya 20 ikining'inia upande inaumiza bega. Tunaupachika baada ya chasisi kuingia, pale mzigo unapolingana.

Waya wa ndani uwe wa shaba wa nyuzi nyingi, milimita mraba 1.5, unapatikana duka lolote la vifaa vya umeme Mwanjelwa. Waya wa kuchomekea gitaa ni mwembamba ndani, usitumike hapa. Ampu ya Marekani ya volti 120 inahitaji transfoma ya kushusha umeme wetu wa 230, na hiyo ikae nje ya boksi, mbali na ampu. Pini ya ethi isikatwe.

Kabla ya kukata mbao tunaomba vitu vinne: vipimo vya chasisi kwa milimita, picha ya mgongo wa ampu inayoonyesha omu, jina la spika uliyonayo au unayotaka, na jibu kama utasafiri kwa basi au gari lako. Ukiweza kuileta ampu yenyewe, ni bora zaidi, tutaipima mbele yako.