Miembe ya mahameni

Liwale, Lindi
11 Agosti 2024

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na mikorosho imeanza kutoa maua. Barua hii nampa kondakta wa basi la Masasi, nawe utaipata hapo Newala kwa mkono wa kaka.

Ulisema kwenye simu kwamba nimetupwa porini pasipo watu. Neno hilo limenikaa moyoni, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ukubwa wa wilaya hii sibishi. Liwale peke yake ni zaidi ya nusu ya mkoa wa Lindi. Kusini tunapakana na Tunduru, kaskazini tunagusana na Rufiji. Sensa ya 2012 ilikuta watu 91,380, kama sehemu ya kumi tu ya mkoa. Na nyie Mtwara, ambao mkoa wenu unaingia karibu mara nne ndani ya Lindi, mwaka 2022 mlihesabiwa 1,634,947, sisi Lindi nzima 1,194,028.

Ila usigawanye watu kwa kilomita ukadhani kila nyumba iko peke yake. Eneo kubwa ni la wanyama: Pori la Akiba la Selous, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa humo mwaka 2019. Binadamu tumebanana mjini na kandokando ya barabara. Pengine hodi ya jirani naisikia kuliko unavyoisikia wewe.

Wiki iliyopita tulikwenda kliniki ya mkoba, ile ya kuwafuata kina mama na watoto vijijini, kijiji cha mbali. Njiani pikipiki ikapata pancha, tukapumzika chini ya miembe, minene, imejipanga safu mbili katikati ya pori. Nikauliza nani kapanda miembe huku. Mzee wa Kingindo tuliyempa lifti akachokonoa udongo kwa fimbo yake, akaokota kigae cha chungu, akakifuta vumbi kwa shati, akanipa. "Haya mahame, kijiji kilichohamwa," akasema. "Mama yangu kazaliwa hapa."

Somoe, nilikishika kile kigae nikakosa la kusema. Pori hili lilikuwa na wenyewe! Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilichoma boma la Wajerumani hapa Liwale, na Wajerumani wakajibu kwa kuteketeza mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Vichaka vikarudi, na mbung'o na tembo wakarudi navyo. Kisha miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na mipaka ya Selous ikasogezwa juu ya vijiji vyao. Mama yake mzee alitoka hapo binti mdogo, kabeba kuku kwenye tenga. Hadi anakufa alikuwa akiulizia maembe yake.

Kwa hiyo usiniambie tena hakuna watu. Sema waliondolewa.

Tulifika kijijini saa sita. Kina mama walikuwa wametusubiri tangu asubuhi, wengine wamelala njiani kwa kuogopa kupishana na tembo usiku. Mtoto wa mwisho kupimwa alikuwa kijukuu cha yule mzee, miezi sita, kilo saba na nusu. Alipiga kelele mpaka mizani ikayumba.

Njoo Septemba, barabara ikiwa bado kavu. Masika gari hulala kwenye tope. Nitakupeleka kwenye ile miembe. Mama msalimie, na uniletee ming'oko, vile viazi vya porini.

Wako,
Zuhura