Salamu za Desemba Mosi kwa Wanaokesha

Ndugu wanafunzi, walimu na walezi, tunawasalimu kwa Siku ya UKIMWI Duniani. Hii ni sikukuu isiyo na nderemo, ila tangu 1988 imewakusanya watu kila tarehe 1 Desemba, na kwa wengi wenu itakuwa jioni ya mishumaa. Desturi hiyo ya mishumaa ni kongwe kuliko siku yenyewe. Mei 1983, mjini San Francisco, watu waliokuwa wanaugua waliandamana usiku na mishumaa mikononi, mwaka uleule ambao watafiti wa Paris walivitambua virusi vya UKIMWI (VVU). Dawa haikuwapo. Dawa mseto zilizogeuza hali zilikuja 1996.

Ndiyo maana mkesha huu hauwezi kuwa matanga peke yake. Tangu ugonjwa uanze, zaidi ya watu milioni 40 wamefariki, na zaidi ya milioni 40 wengine wanaishi na VVU hivi sasa. Katika umati wenu pengine yupo mmoja aliyemeza dawa zake asubuhi hiyo na hajamwambia mtu. Marehemu wanataka majina yao yatajwe. Walio hai wanataka siri zao zitunzwe. Mikesha mingi huharibika pale mambo haya mawili yanapochanganywa.

Tuanze na majina. Yakusanyeni wiki mbili kabla, kwa idhini ya familia, na yasomeni majina ya kwanza tu. Ukoo ukitajwa, mdogo wa marehemu aliyeko darasani ametajwa naye. Msomaji apumue sekunde tano kati ya jina na jina. Majina 60 yatachukua dakika tano hadi sita, na huo ndio muda ambao umati unaweza kusikiliza bila kuanza kunong'ona. Wasomaji wawe wawili, maana sauti ya mtu mmoja mara nyingi hukatika njiani. Kisha wapeni nafasi waliopo kutaja jina kutoka pale walipo, bila kipaza sauti na bila kuitwa mbele. Ukimya uwe wa dakika moja, na msimamizi aseme mapema utaishaje, kwa kengele au kwa wimbo. Asiposema, mtu atapiga makofi katikati yake.

Mishumaa msiiwashe mwanzoni. Hotuba zikirefuka, nta humwagika vidoleni na watu huacha kusikiliza. Iwasheni kabla tu ya majina, na siku moja kabla washeni mmoja muupime unadumu muda gani. Kikinga nta ni duara la karatasi ngumu lenye upana wa sentimita 10. Katikati ikate alama ya msalaba badala ya kutoboa tundu, kwa sababu tundu hulegea, ilhali msalaba huubana mshumaa wa unene wowote. Moto unapopokezanwa, uliowaka husimama wima na usiowaka ndio unaoinama. Watu hufanya kinyume, na hapo ndipo nguo na mikono huungua. Wekeni ndoo mbili za mchanga kwenye njia ya kutokea, kila mtu achomeke mshumaa wake humo. Kupuliza hurusha nta ya moto kwa jirani.

Utepe mwekundu, ambao wasanii wa New York waliubuni 1991, unahitaji sentimita 15 kwa mtu mmoja. Kwa watu 200 ni mita 30. Kunja kitanzi juu, miisho ipishane chini, pini ipite palipopishana. Miisho ikatwe mshazari isichanike nyuzi.

Ushuhuda ndio sehemu inayotutia wasiwasi zaidi. Anayezungumzia maisha yake na VVU akubali siku kadhaa kabla, ajue nani atakuwapo na kama kuna kamera, na abaki na haki ya kughairi hata akiwa ameshasimama. Simu zote ziwekwe mfukoni. Tangazo moja la mwanzo halitoshi, lirudieni anapopanda jukwaani. Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi na msimamizi ayachuje. Swali la «uliupataje?» lisifike mbele, kwa sababu humgeuza mgeni wenu kuwa mshtakiwa. Chungeni pia maneno yenu. VVU ni virusi, UKIMWI ni hatua ya ugonjwa ambayo mwenye kutumia dawa vizuri anaweza asiifikie kamwe. Semeni «mtu anayeishi na VVU». Na lisemeni wazi hili ambalo bado wengi hawaliamini: virusi vikifubazwa na dawa hadi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi, mtu huyo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Tunaombwa mara kwa mara tuweke banda la kupima palepale mkeshani. Ushauri wetu ni kulitenga na jukwaa, mahali ambapo anayeingia haonekani, na bora zaidi liwe la mchana au la kesho yake. Majibu ya usiku, umati ukitawanyika na mshauri akiwa na haraka ya kuondoka, humwacha mtu peke yake na habari nzito. Kwa vipimo vya kujipima kwa majimaji ya fizi, mtu asile wala asinywe chochote kwa dakika 30 kabla. Kipimo kikionyesha maambukizi, bado hayo si majibu ya mwisho. Kituo cha afya ndicho kitakachothibitisha. Kisipoonyesha, kumbukeni kwamba vipimo vya kingamwili huchukua siku 23 hadi 90 tangu maambukizi kabla ya kuyaona, kwa hiyo aliyejihatarisha wiki iliyopita arudie. Anayetumia dawa za kufubaza VVU asijipime, maana dawa zinaweza kukipotosha kipimo.

Gawieni kadi ndogo inayoingia mfukoni. Ikiwa na nafasi ya jambo moja tu, liwe hili: aliyejihatarisha au aliyebakwa afike kituo cha afya haraka, ikiwezekana siku hiyohiyo na kabla ya saa 72 kupita, aanze dawa za kuzuia maambukizi na azimeze kwa siku 28 bila kukatisha. Chini yake andikeni jina la kituo kilicho karibu na saa zake za kufungua. Kadi nyingi husahau hizo saa, na mtu hukuta mlango umefungwa.

Mwaka unaisha, na wengi wenu mtasafiri. Wewe uliye kwenye dawa, hesabu vidonge vyako leo, si siku ya safari. Omba kituo kikupe za miezi mitatu ukiweza, beba ziada ya wiki moja, na usizitie kwenye sanduku linalokaa mbali nawe. Nyumbani kukiwa na macho mengi, hamishia vidonge kwenye chupa isiyo na maandishi na isiyopiga kelele ikitikiswa, yenye kifuko chake cha kukausha unyevu. Weka kengele ya simu kwa jina lolote upendalo. Salamu zetu za msimu huu tumeziandika kwa ajili yako kwanza. Safari njema, na tuonane mwakani.