Kwa Baba, Kuhusu Likizo ya Septemba

Berlin, Agosti

Wazazi wangu wapendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itawakuta nyote wazima, na kwamba mguu wa Mama umepata nafuu tangu alipobadilishiwa dawa. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu; kazi inaendelea na joto la kiangazi mwaka huu limekuwa la kuvumilika.

Baba, tulipozungumza kwa simu uliniuliza maswali matatu mfululizo, na mtandao ukakatika kabla sijajibu hata moja: kwa nini likizo yangu isiwe Septemba kama ilivyo kawaida, hizo mbio za marathoni za hapa Berlin zinalipa kiasi gani, na mtu mzima wa miaka 38 anamkimbia nani. Nimeona ni afadhali niandike kwa utulivu, kwa kuwa unapenda jambo lielezwe tangu chimbuko lake, na kwa kuwa ninafahamu fika kwamba barua hii utaisoma barazani mbele ya Baba Mdogo na wenzako wa bao, hivyo ninalijibu baraza zima kwa pamoja.

Nianze na fedha, maana jibu lake ni fupi. Mbio hazinilipi chochote. Mimi ndiye ninayelipa. Zawadi zipo, lakini ni za wanaotangulia, watu ambao kukimbia ndiyo kazi yao ya kila siku, na sisi wakimbiaji wa ridhaa tunaanza nyuma yao na kubaki nyuma yao. Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya dunia hapa Berlin mwaka 2022 alitumia saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Kwa mwendo ninaoutafuta mimi, muda huo ukitimia nitakuwa nimefika kilomita ya 28 na ushei, na hapo safari ngumu ndiyo kwanza inaanza. Fedha za bati na ada ya Mwanaidi zitaendelea kuja mwanzoni mwa mwezi kama tulivyokubaliana. Ada ya kujiandikisha na viatu nimevigharimia kwa zamu za ziada, na hakuna shilingi ya nyumbani iliyoguswa.

Ninachokitafuta, Baba, ni kumaliza kilomita 42 na mita 195 kabla ya saa 3 kutimia. Huo ni mwendo wa kutoka Tanga mjini hadi Muheza, na ukifika Muheza bado unaendelea. Mwaka jana nilitumia saa 3 na dakika 12, siku ambayo jua liliwaka kuliko ilivyozoeleka hapa mwezi wa Septemba. Nusu ya kwanza niliikimbia kwa saa moja na dakika 31, kisha joto likanishika baada ya kilomita ya 30, nikawa natembea kwenye kila kituo cha maji ili nijimwagie kichwani. Ili nifikie ninachokitaka ni lazima nipunguze sekunde 18 katika kila kilomita, na hilo si dogo hata kidogo.

Wewe ulifundisha hesabu miaka mingi, kwa hiyo chukua kalamu uhakikishe. Mtu akikimbia kila kilomita kwa dakika 4 na sekunde 15, atamaliza kwa saa 2, dakika 59 na sekunde 20 hivi. Akizembea sekunde moja tu, yaani akikimbia kila kilomita kwa dakika 4 na sekunde 16, atamaliza kwa saa 3 na sekunde 2, na ameshakosa. Tena umbali rasmi hupimwa kwa kufuata njia fupi kuliko zote katika kila kona. Huku njia hiyo huchorwa barabarani kwa mstari wa buluu, lakini kati ya maelfu ya watu huwezi kuukanyaga mstari huo wakati wote, na kila unapomzunguka mtu aliyechoka unajiongezea mita. Wengi hufika mwisho saa zao za mkononi zikiwa zimeandika kilomita 42 na nusu. Ndiyo maana kocha wa klabu yetu ya mtaani amenitaka nijiandae kukimbia kwa dakika 4 na sekunde 13, nisije nikafika langoni nikiomba sekunde za kukopa.

Kuhusu sekunde sina haja ya kukufundisha, kwani wewe ndiye uliyetusimulia habari za mkimbiaji wetu Juma Ikangaa, jinsi alivyoshindwa kule Boston mwaka 1988 na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja baada ya zaidi ya saa 2 za kukimbizana, kisha mwaka uliofuata akaenda New York akashinda. Usiku ule wa Septemba 2025, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipokuwa akikimbia marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo, mimi nilikuwa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Wazee walikuwa wamelala, simu nimeiegemeza kwenye birika la chai, sauti nimeizima, na muuguzi mwenzangu Mjerumani ameketi kando yangu kwa sababu aliyekuwa akiongoza mwishoni alikuwa mwenzao, Amanal Petros. Hatua za mwisho kabisa Simbu alijitupa kifua mbele. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha iamue, na Simbu akaonekana ameshinda kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Mwenzangu alinyamaza kidogo, akanipa mkono, akaenda kumgeuza mzee wa chumba cha mwisho. Tangu siku hiyo kazini wanaamini kwamba kila Mtanzania anatoka Singida kama Simbu na amezaliwa akikimbia, na sioni kama maelezo yangu kuhusu watu wa pwani na mwendo wao yamemshawishi mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye mazoezi yenyewe, kwani ndiko kuliko na jambo ambalo nadhani litakushangaza. Mtu akisikia kwamba ninajiandaa kukimbia kwa kasi, anadhani kila siku natoka nyumbani nikipaa. Kinyume chake, sehemu kubwa ya kilomita 90 au karibu ya hapo ninazokimbia kwa wiki ni za polepole, dakika 5 na nusu kwa kilomita, mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake bila kukata pumzi. Mwili unajengeka kwa kilomita hizo za upole: moyo unazoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli, na mwili unajifunza kutumia mafuta ili wanga usimalizike mapema. Kasi inawekwa juu ya msingi huo, mara mbili kwa wiki tu: Jumanne uwanjani, tunapokimbia vipande vya kilomita moja na kupumzika kwa kujongea, na Jumamosi katika mbio ndefu. Ukikimbia kwa nguvu kila siku, unaifikia Jumanne miguu ikiwa mizito, na kazi iliyokuwa ikujenge inakubomoa.

Kwangu mimi hilo ndilo gumu kuliko yote, kuliko hata kuamka saa kumi alfajiri kabla ya zamu ya asubuhi. Kijana akikupita kando ya mfereji huku akihema kama anafukuzwa na polisi, nafsi inakwambia umfuate, na kila mara unaikatalia. Vijana wa klabu hawaelewi kwa nini hainisumbui sana kuwa wa mwisho siku za mwendo wa polepole. Sikuwaambia kwamba nimelelewa katika nyumba ambayo chai ya jioni inachukua saa nzima.

Mbio ndefu za Jumamosi nazifanyia Tempelhof, uwanja wa zamani wa ndege uliofungwa mwaka 2008 na kufunguliwa kwa wananchi miaka miwili baadaye. Mwaka 2014 wakazi wa mji walipiga kura usijengwe kitu, na kwa maoni yangu ni uamuzi bora kuliko mingi niliyoishuhudia hapa. Njia za kurukia ndege bado zipo, mbili, kila moja karibu kilomita mbili, na ukizunguka uwanja mzima unapata kilomita sita. Katikati kuna majani marefu ambamo ndege wadogo hutaga, na vibao vinakataza watu wasiyakanyage wakati wa makinda. Jumamosi iliyopita kocha aliniandikia kilomita 32, na 14 za mwisho kwa mwendo wa siku ya mashindano. Kwenye njia ya kusini upepo ulinipiga usoni, na hakuna nyumba wala mti wa kujikinga. Lami ni pana, haina mwisho unaoonekana, na saa ya mkononi inalia kila ukipitwa na sekunde mbili. Nilichana pakiti ya jeli kwa meno, nusu ikamiminika kwenye kiganja, nikailamba huku nakimbia, na kwa kilomita tatu vidole vilibaki vimegandana. Kilomita ya mwisho niliikimbia kwa dakika 4 na sekunde 11. Nilipofika kwenye baiskeli yangu nilishindwa kufungua kufuli kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikitetemeka, ikabidi bibi mmoja aliyekuwa na mbwa wake anifungulie.

Mama, jeli hiyo ni sukari ya kunyonya, isikutie hofu. Wanga uliowekwa katika misuli na ini ni kama fedha za kibubu: unatosha kiasi, na ukichota kwa pupa mwanzoni, ukifika kilomita ya 30 au 32 unatikisa huoni kitu. Wakimbiaji wanaiita hali hiyo ukuta, na mwaka jana niliukaribia vya kutosha. Kwa hiyo ninalifundisha tumbo kupokea gramu 60 za wanga kila saa huku miguu inafanya kazi, maana tumbo nalo lisipozoeshwa hukataa siku usiyotaka likatae.

Na kuhusu ile picha uliyoiona ukasema mwanao amekonda na huenda anaumwa: nimepungua kilo chache, ni kweli, na mashavu ndiyo yanayotangulia kusema. Lakini ninakula kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Asubuhi uji wa shayiri na ndizi, mchana wali na maharage, jioni viazi au tambi, na tende mkobani muda wote. Nilipima damu mwezi wa Juni, na madini ya chuma yako vizuri. Siku tatu za mwisho nitakula wali hasa, na hapo, unisamehe, tui la nazi itabidi nilipunguze, kwa sababu mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Mfungo nao haukunidhuru. Ramadhani ya mwaka huu iliangukia Februari na Machi, siku za huku zikiwa bado fupi, nikawa nakimbia kidogo kidogo baada ya futari, bila kasi yoyote.

Sasa nirudi kwenye likizo. Mbio ziko Jumapili ya mwisho ya Septemba. Wiki tatu kabla yake mazoezi yanapunguzwa hatua kwa hatua ili mwili upate nafuu bila kupoteza makali, na kocha anasema huo ndio wakati ambao watu wengi huharibu kazi yote, kwa safari, kwa mafua, kwa usingizi uliokatika. Kuja Tanga mapema Septemba na kurudi siku chache kabla ya mashindano kungekuwa kutupa miezi yote hii. Ndiyo sababu nimeomba likizo kuanzia wiki ya pili ya Oktoba, nikaandikiwa wiki nne badala ya tatu, kwa hiyo mtanipata kwa muda mrefu zaidi. Wiki ya kwanza baada ya mbio nitaipumzikia huku huku. Waliomaliza marathoni hushuka ngazi kinyumenyume kwa siku kadhaa, na sitaki majirani waanze kuniombea dua.

Mwanaidi ameshaweka programu ya kufuatilia mbio kwenye simu yake, na namba yangu nitamtumia nikishaipata. Tunaanza saa tatu na robo asubuhi, ambayo kwa saa za nyumbani ni saa nne na robo. Mtaiona nukta yangu ikipita kila kilomita tano, na namwomba Baba asihukumu kwa tano za kwanza, maana huwa na msongamano na nitazikimbia kwa kujizuia kwa makusudi. Mkishaswali Adhuhuri, nukta itakuwa inakaribia kilomita ya 30. Ikifika saa saba na robo mchana na bado sijavuka, basi nimekosa, na mstari wenyewe uko mita mia kadhaa mbele ya Lango la Brandenburg, kwa hiyo nikionekana langoni msishangilie bado. Nikikosa nitaijaribu tena. Umri bado unaniruhusu, na wapo wazee wa klabu yetu waliopata saa 3 wakiwa na miaka 50 na zaidi.

Fundi asianze paa mpaka nifike, tafadhali, kwa kuwa ninataka kuziona mbao kabla hazijafunikwa. Mpelekee Baba Mdogo salamu zangu, na mumpe Bibi mkono wangu.

Wasalaam,
Mwanenu, Hamisi