Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za ada mtazipata kwa mweka hazina. Mimi nitazungumzia suala lililochukua muda mwingi wa kamati mwaka huu: kwa nini, chini ya mwajiri mmoja, mfagizi huugua na kufa mapema kuliko meneja?

Wengi hukimbilia kutaja tabia: sigara, chakula, uvivu wa mazoezi. Utafiti wa Whitehall, ulioanza London mwaka 1967, uliwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali. Hao ni watu wa ofisini, si wachimba migodi. Hata hivyo, vifo vya ngazi ya chini kabisa, ya matarishi na mabawabu, vilikuwa takriban mara tatu ya vile vya wakuu wao, na hata waliokuwa ngazi moja tu chini ya wakuu hao walikufa zaidi yao. Sigara, shinikizo la damu na kolesteroli, vyote pamoja, havikueleza hata nusu ya tofauti hiyo. Awamu ya pili, iliyoanza 1985 na kuwahusisha wanawake pia, ilionyesha kuwa asiye na kauli juu ya kazi yake yumo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo.

Kwa hiyo sioni maana ya kumhubiria mlinzi wa zamu ya usiku kuhusu usingizi huku ratiba yake ikipangwa na mwingine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Ni nani huzifikisha saa hizo kwa hiari?

Kuna jambo jingine linalotupotosha. Waliochoka na kuugua huacha kazi, kazini wakabaki wale wenye nguvu tu, na takwimu zikapendeza. Vibarua na wafanyakazi walioletwa na mawakala wa ajira mara nyingi hawamo hata kwenye daftari la ajali.

Tangu Juni 2022 ILO inahesabu mazingira salama na yenye afya kazini kuwa miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi. Kamati inapendekeza kila mwanachama anayekagua sehemu za kazi aandike cheo, zamu na aina ya mkataba wa kila aliyeumia au kuugua, vibarua wakiwamo, na awafuatilie walioacha kazi. Fomu mpya mmegawiwa; tutaijadili kabla ya uchaguzi.