Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania: Ramani ikatwe, isipunguzwe

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Sisi ni walimu wa jiografia na wapima ardhi. Tunakuandikia kuhusu mashine ya fotokopi, kwa sababu ndiyo inayoharibu somo la usomaji wa ramani katika sekondari zetu, mara nyingi bila mwalimu kujua.

Karatasi moja ya ramani ya topografia ya 1:50,000 hufunika dakika 15 (robo digrii) za latitudo kwa 15 za longitudo, yaani takriban kilomita 27 na nusu kila upande. Hizo ni sentimita 55 za karatasi. Mashine za shuleni hazifiki huko, basi kipande cha A3 hupunguzwa kiingie kwenye A4. Mraba wa gridi uliokuwa na sentimita 2 unabaki na 1.4. Skeli ya kweli sasa ni karibu 1:71,000, lakini pembeni bado pameandikwa 1:50,000. Mwanafunzi anafuatisha barabara kwa uzi, anapata sentimita 7, anaandika kilomita 3.5. Barabara hiyo ina karibu kilomita 5. Akipima eneo kwa rula, shamba la hekta 100 linakuwa la hekta 50. Anayehesabu miraba ndiye anayesalimika, maana miraba imepungua pamoja na shamba.

Rangi nazo zinapotea. Kontua za kahawia, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, na mito ya bluu vyote vinakuwa kijivu, na mtoto anaulizwa mto unaelekea wapi ilhali hawezi kuutambua mto wenyewe.

Tunaomba Taasisi itoe vipande vilivyokatwa kwa ukubwa wake halisi, vya rangi. A4 ikiachiwa pambizo hubeba sentimita 18 kwa 26, yaani kilomita 9 kwa 13. Eneo hilo linatosha kwa maswali yote ya kidato cha nne. Skeli ya mstari ichorwe ndani ya fremu ya kila kipande, ili hata mtu akipunguza tena, mstari upungue pamoja na ramani na ubaki sahihi. Na mwongozo wa mwalimu useme wazi: kabla ya swali lolote, pima mraba mmoja kwa rula. Usipokuwa na sentimita 2, skeli iliyoandikwa isitumike.

La pili ni mpangilio wa mada. Mwanafunzi achore ramani kabla ya kusoma ya mwenzake. Uwanja wa mita 100 kwa 60, kwa skeli ya 1:500, unakuwa sentimita 20 kwa 12, unaenea vizuri kwenye daftari kubwa. Vifaa ni dira, rula, kipimapembe na kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita. Kamba ya katani ipimwe upya ikilowa, kwa sababu hubadilika urefu. Ya nailoni hunyumbuka ikivutwa kwa nguvu. Dira isisomewe karibu na mabati, geti la chuma, nondo wala simu. Wanafunzi wazunguke uwanja wakipima kila upande na mwelekeo wake, hadi warudi walipoanzia. Kwenye karatasi mzunguko hautafunga vizuri, na hapo ndipo somo lilipo. Kwa mzunguko wa mita 320, pengo la mita 6, yaani milimita 12 kwenye mchoro, linavumilika. Likizidi hapo, warudi uwanjani kutafuta upande uliokosewa. Wasilifute kwa kifutio.

Kontua zinahitaji karai, udongo wa mfinyanzi na maji. Finyanga kilima chenye bonde ubavuni, mimina maji kina cha sentimita 2, kwaruza mstari maji yanapogusa udongo, ongeza sentimita 2 nyingine, uendelee hadi kileleni. Akitazama kutoka juu, mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba bondeni ncha ya kontua huelekea mlimani, na kwenye mgongo wa kilima huelekea chini. Kosa la kugeuza hivi viwili ndilo tunalolikuta zaidi kwenye madaftari, na kulikariri ubaoni hakujawahi kuliondoa.

Kuna jambo la simu pia. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya datumu (msingi wa kukokotolea latitudo na longitudo) ya Arc 1960, na simu hutumia nyingine, WGS 84. Ukihamisha namba za mahali zinazoonyeshwa na simu moja kwa moja kwenye karatasi, utakosea kwa takriban mita 300, yaani milimita 6. Walimu waelezwe, wasije wakamlaumu mwanafunzi aliyesoma simu yake sawasawa.

Vijana wanaweza kazi hii. Katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora mitaa na mifereji ya kata zinazofurika, Tandale ikiwamo.

Mwisho, tunaomba ramani ya uwanja wa shule, iliyopimwa na kundi la wanafunzi wanane, iingie kwenye alama za maendeleo za kidato cha pili, na daftari la vipimo likaguliwe pamoja na mchoro.

Wako katika kazi,
Walimu wa jiografia na wapima ardhi