Barua toka Chicago: binamu asisaini nyumba ya Aurora kwanza

Baba, shikamoo, na mama msomee maana juzi simu ilikatika kabla sijamaliza habari ya binamu.

Mwambieni kabla hajaja huku asisaini kwanza hiyo nyumba ya Aurora, mji wa nje ya Chicago. Najua kodi ni nafuu na kaambiwa treni ya mjini ipo, kweli ipo, ila huku treni ziko za aina mbili na kila moja ina watu wake.

Ya Aurora inaitwa Metra, ndo treni ya vitongoji, laini 11, mabehewa ya ghorofa, konda anapita kukagua tiketi, viti safi. Toka Aurora mpaka Union Station, stesheni ya katikati ya Chicago, ni kama kilomita 60, saa moja na ushee. Tatizo imepangwa kwa watu wa ofisini, asubuhi zinaingia mjini zimefuatana, jioni zinawarudisha, baada ya hapo zinapungua, wikiendi ukikosa moja unakaa saa nzima au zaidi na usiku wa manane hamna kitu. Sasa yeye kazi yake kulea wazee, shifti zinabadilika kila wiki, akitoka saa nane usiku atalala wapi? Halafu laini zote zinakimbilia katikati ya mji kama vijiti vya mwavuli, hakuna inayozunguka huko nje, kwa hiyo akipangiwa kitongoji cha jirani ni aingie mjini ndo atoke tena, au anunue gari.

Aina ya pili ni L, treni za ndani ya mji, hizo zinaitwa kwa rangi, ziko laini 8, nyingi zinapita juu kwenye nguzo za chuma na pale katikati zinazunguka maghorofa, reli ile ipo toka 1897 na kelele zake usiombe chumba chako kiwe jirani. Zinazotembea saa 24 ni Nyekundu na Buluu tu. Usiku utakuta watu wamelala humo kwa kukosa pa kwenda, ila unafika. Atafute chumba karibu na hizo mbili hata kama ni kidogo na kodi imezidi. Na siku akitua uwanja wa ndege wa O'Hare asikimbilie teksi, Buluu inaanzia pale pale, dakika kama 45 yuko mjini.

Baba wewe wa treni ya Kigoma ungependa Amtrak, treni za safari ndefu, toka hapa mpaka New Orleans ni kama saa 19, ya kwenda upande wa San Francisco ni siku mbili na zaidi. Na wadogo zangu waache kunitambia SGR jamani, najua ni ya umeme, hapa Metra ya umeme ni laini moja tu, zingine dizeli.

Binamu akipata nyumba nyingine anitumie anwani WhatsApp kabla hajalipa dipoziti, nitaangalia stesheni ya karibu na treni ya mwisho ni saa ngapi. Hela ya dawa za mama nimetuma jana, mtanijulisha ikifika.